Bonde la Mzee Orville na Mtutu wa Inchi Tano

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimeshiba mpaka kupumua ni kazi. Lakini lazima niandike, maana leo baba mkwe ametamka.

Mzee Orville alingoja bata mzinga abaki mifupa. Kisha akagonga glasi kwa uma. Akasema macho yake yamekwisha, hawindi tena, na bonde la nyuma ya shamba pamoja na kibanda chake sasa lipate mwenyewe. Atakayetundika kulungu dume wa kwanza msimu huu, kwa bastola kama alivyowinda yeye maisha yake yote, na kwa sheria bila kupindisha hata nukta, ndiye atakayeandikiwa. Msimu unafunguliwa Jumatatu, unafungwa Jumapili inayofuata. Yeyote wa nyumba hii, akasema, akairudia pai yake ya maboga.

Lile bonde! Niliingia mle alfajiri moja tu, mwaka niliomwoa Darlene. Ukungu umelala juu ya kijito. Mialoni imesimama kimya, na kulungu wanakatiza kama wenye nyumba. Nilisahau kuwa nina miguu. Tangu siku ile nalitaka bonde lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hapa simdanganyi mtu, hii ni shajara yangu.

Tatizo ni Lonnie. Ni mwanyumba wangu, kamwoa Peggy, dada wa mke wangu. Anauza matrekta. Ana pikapu kubwa kama kanisa, na bastola mpya yenye darubini. Mimi kila msimu kazi yangu imekuwa kubeba chupa ya kahawa na kuburuta kulungu aliyeuawa na mwenzangu. Lonnie alininong'oneza nisisahau sukari Jumatatu.

Cheka tu, Lonnie! Nina bastola ya marehemu mjomba Clyde. Na nina akili.

Wakati huo wote Darlene alikuwa jikoni, anasugua sufuria.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda dukani kukata leseni. Binti wa kaunta akaomba cheti cha mafunzo ya uwindaji. Nikamwambia nina miaka hamsini na mitatu. Akasema miaka si cheti, akanipa kijitabu cha kanuni bure.

Nikakisoma ndani ya pikapu, dirisha likaingia mvuke. Mama yangu! Mtu anaweza kuishi karibu na kitu kikubwa namna hii asijue? Kila kitu kimo. Saa ya kuanza. Saa ya kuacha. Rangi ya nguo. Urefu wa mtutu. Unafikiria ujanja, unageuza ukurasa, unakuta ujanja wako umeshaketi pale unakungoja. Aliyeandika kanuni hizi alinijua kabla sijazaliwa.

Lakini nikapata mwanya. Mwenye ardhi, mke au mume wake, na watoto wake, wakiwinda kwenye ardhi yao wenyewe, hawahitaji leseni. Watoto! Niliupiga usukani ngumi, honi ikalia, mbwa wote wa mtaa wakaitikia. Wapi imeandikwa kwamba mtoto ni lazima azaliwe?

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Orville kumwomba aniasili. Alinisikiliza hadi mwisho, anatafuna nyama ya jana polepole. Kisha akasema, "Nikikuasili leo, Delmar, usiku utalala na dada yako. Hilo nalo lina sheria yake, na jela yake."

Akamsimulia Darlene kwa simu. Nilimsikia mke wangu akicheka hadi simu ikamponyoka. Kabla sijafika nyumbani Lonnie naye alishapata habari, akanipigia. "Vipi, mwanyumba, umeshaachishwa ziwa?"

Hayawani.

Jumamosi, 30 Novemba

Mafunzo, kituo cha zimamoto. Viti vya watoto, kwa sababu wanafunzi ni watoto. Magoti yangu yalifika masikioni.

Mwalimu ni askari wa wanyamapori wa kaunti yetu, Bi Marlys Gentry. Mrefu, nywele za mvi kazisuka msuko mmoja, sauti ya chini kiasi kwamba hata wale watoto walinyamaza ili waisikie. Alisimulia kwa nini sheria inataka mtutu wa bastola usipungue inchi tano, na risasi nzito. Mtutu mfupi, risasi haina nguvu, haina shabaha. Risasi dhaifu haiui, inajeruhi. Mnyama anakimbia na maumivu yake, anakwenda kufia vichakani peke yake siku nyingi baadaye, hakuna anayejua. Akasema, "Msidhani sheria hii imeandikwa kwa ajili yenu. Imeandikwa kwa ajili ya kulungu."

Nywele zilinisimama. Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nilitamani kusimama, ila kiti kilininasa.

Mtihani nimefaulu! Kwa alama moja, lakini kufaulu ni kufaulu. Msichana wa kiti cha mbele alipata zote, akanipigapiga begani, akasema tusikate tamaa.

Nikataka Bi Gentry ajue mimi si mtu wa kubahatisha. Nikamwambia mtutu wangu una inchi sita na ushee. Akauliza nimepima vipi. Nikasema kutoka mdomoni mpaka pale nyundo inapogongea. Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. "Silinda ya risasi si mtutu, bwana. Pima kuanzia mbele ya silinda."

Nimepima mbele ya silinda. Nne.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mwanadamu amefika mwezini, mimi nashindwa na inchi moja!

Ibada ilipoisha nilipata jibu. Kipande cha bomba, unene uleule. Gundi ya chuma. Nikakaza, nikapuliza, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Mkono kwenye pochi ya kiunoni, macho makali. Nikachomoa. Bastola ikatoka, bomba likabaki, kisha likanidondokea kwenye kidole gumba cha mguu. Nikiwa narukaruka Darlene akaingia, viatu vinamchuruzika. Akasema chini ya sinki pamekuwa kisima, je, ninajua bomba lilipo. Nilikuwa nimelishika.

Nikaenda kwa Mzee Orville. Juu ya meko yake inaning'inia bastola yake, mtutu wa inchi nane, mpini umelainika kwa miaka ya kiganja kimoja. Mtu ukiitazama unashusha sauti. Nikamwomba aniazime. Akakataa. Akasema ile ina mwenyewe.

Ina mwenyewe! Moyo ukapiga kite. Kumbe Lonnie keshaahidiwa!

Nikafunga safari hadi kwa fundi bunduki, Wendell Sprague, nikabadilishana naye. Bastola ya mjomba Clyde pamoja na msumeno wangu wa mashine, kwa bastola ya inchi sita. Sita halali! Alipima mbele ya macho yangu, silinda akaiacha nje. Kisha akapiga simu ya ukaguzi kujua kama mimi ni mhalifu. Jibu likarudi kwamba si mhalifu. Nilifurahi kusikia.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku ya kufungua msimu. Nimo bondeni, leseni mfukoni, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani. Mimi mteremko wa magharibi, Lonnie wa mashariki. Jua linachomoza saa moja na nusu, na sheria inaruhusu kuanza nusu saa kabla. Yaani saa moja kamili.

Alikuja kabla ya saa moja.

Sijui niandikeje. Kwanza sikuona kitu, kisha ukungu ukawa na pembe. Pembe za ncha kumi! Shingo nene kama gogo. Alitembea bila kuvunja hata jani, akasimama kijitoni, akanywa. Mvuke ukamtoka puani.

Nikatazama saa. Bado. Nikawaza, je, saa yenyewe ikikosea? Sheria itamlaumu mwenye saa mbovu? Vidole vyangu vikaanza kuzungusha kitufe cha saa, vyenyewe, naapa. Ndipo akainua kichwa akanitazama. Mimi! Alinitazama kama anayesoma jina langu. Vidole vikaacha. Sikuwa na njaa wala baridi, wala sikuwa na Lonnie duniani. Nilihisi machozi, na sioni haya kuyaandika.

Nilipojirudia ilikuwa karibu saa mbili. Dume hayupo. Bastola ingali kiunoni, wala sikuigusa.

Amepita upande wa Lonnie. Nikangoja mlio. Kimya. Mchana nikamuuliza kulikoni. Akasema mdudu alimwingia jichoni. Mdudu, Desemba, barafu kila mahali! Macho yake yalikuwa mekundu yote mawili. Hatukuendelea na mazungumzo hayo.

Jumatano, 4 Desemba

Leo mpango wa kweli. Sheria inasema mwindaji bila kizibao cha rangi ya chungwa ana kosa. Lonnie huacha chake kwenye boneti akinywa kahawa. Nikakichukua, nikakisukumia chini ya kiti cha pikapu yangu. Kisha nikampigia Bi Gentry kwa sauti ya kizee, nikasema kuna mtu bondeni kwa Mzee Orville hana kizibao.

Nikaenda msalani vichakani kwa utulivu wa moyo.

Kurudi, Lonnie hayupo. Na kizibao changu, nilichokitundika kwenye kioo cha pembeni, hakipo! Alikosa chake, akachukua changu, akapanda mlima.

Nifanyeje? Cha kwake nimekificha. Nikikivaa, nimeiba. Nisipokivaa, nina kosa. Ndiyo kwanza nakuna kichwa, nikaona kivuli kando yangu. Bi Gentry. Hakuna jani lililolia, hakuna tawi. Mwanamke yule anatembea kama yule dume. Nilistaajabu hata nikasahau kuogopa.

Akauliza kizibao kiko wapi. Nikasema ni hadithi ndefu. Akasema ana muda. Nikasema si ndefu kivile. Akaandika faini, akanikabidhi, akaniambia sauti yangu ya kizee inahitaji mazoezi.

Lonnie alirudi jioni amenawiri kwa rangi ya chungwa. "Asante kwa kuniazima, mwanyumba. Kinabana kidogo tumboni, lakini kina joto!"

Ijumaa, 6 Desemba

Nilikuwa naendesha kwenda kazini. Yule dume, kondeni kwa Bi Verna Ott, jirani. Mchana kweupe! Amesimama kwenye mabua ya mahindi, jua linawaka kwenye pembe.

Kupiga kutoka ndani ya gari ni marufuku, ukurasa wa kumi na moja. Nikashuka. Kupiga kutoka barabarani ni marufuku, ukurasa huohuo. Nikavuka mtaro. Hapo nikakumbuka. Ardhi ya mtu, lazima ruhusa ya maandishi. Ya maandishi! Kila mlango ninaofungua, sheria imekaa ndani inakunywa kahawa. Siwezi kuichukia. Ni kama kucheza drafti na mtu anayeona mchezo wote, mpaka unaona fahari kufungwa naye.

Nikakimbia kwa Bi Ott. Akafurahi, akasema hajapata mgeni tangu sikukuu. Akanikalisha. Akatafuta miwani. Akatafuta kalamu. Akasema mtu hawezi kutia sahihi mgeni akiwa hajala, akakata pai ya tufaha. Akaniuliza Darlene hajambo, akasema, "Msichana yule, mwanangu, alikuwa na mkono mtulivu kuliko wanaume wote wa kanisa letu." Nikasema ndiyo, anashona vizuri. Bi Ott akanitazama juu ya miwani, akaniongezea pai.

Nilitoka na ruhusa imesainiwa vizuri, mwandiko wa kupendeza. Konde tupu. Nyayo zake zinaelekea bondeni.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika kwa haraka, herufi zitanisamehe.

Nilikuwa mteremkoni kabla ya saa ya ruhusa. Lonnie ng'ambo, naiona ile rangi yake ya chungwa kati ya miti. Saa moja ikafika, ikapita. Jua likagusa vilele. Dume akatoka kwenye mikangaga ya kando ya kijito, akasimama mbele yetu wote wawili. Mbali kidogo kwangu. Mbali kidogo kwa Lonnie. Nikainua bastola, mtutu unacheza kama mkia wa mbwa. Nikamkumbuka Bi Gentry, nikakumbuka kufia vichakani peke yake. Nikaishusha. Ng'ambo Lonnie naye akashusha. Sikudhani Lonnie ana moyo huo.

Ndipo nyuma ya gogo, chini kabisa kijitoni, mtu akainuka.

Kizibao cha zamani, cha Mzee Orville, kimefifia. Kofia ya sufu. Mikono miwili imenyooka, na mbele yake mtutu mrefu wa inchi nane. Haukucheza. Hata kidogo! Nilimwona akitoa pumzi, moshi mweupe mmoja. Mlio mmoja. Dume alianguka palepale aliposimama, bila hatua ya pili.

Yule mtu akavua kofia, akapiga goti kando ya mnyama, akaweka kiganja kwenye shingo yake, akakaa hivyo. Nikaona nywele. Nikaona ni mke wangu.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni! Miaka yote hii nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu, najua anapenda mayai yakaangwe vipi, na hili sikulijua. Niliteremka, nikavua kofia yangu. Lonnie alishateremka, naye kavua yake. Tulisimama kama wanakwaya waliosahau wimbo.

Nikamuuliza Darlene amejifunza lini. Akasema baba yake alimfundisha akiwa na miaka kumi na miwili, na akafanya mafunzo palepale zimamoto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Mmeligombania bonde hili kama mbwa na mfupa, Delmar. Nimekulia humu. Mama yangu alinifundisha majina ya ndege wote wa humu. Nani kati yenu aliniuliza kama nalitaka?"

Nilimpenda sana saa ile, na nilimwogopa kidogo.

Mtoto wa mwenye ardhi, kwenye ardhi ya baba yake. Mtutu inchi nane. Risasi nzito. Saa halali, rangi halali. Akapiga simu kuripoti mnyama, namba ya kibali cha mzoga aliyopewa akaifunga kwenye pembe kwa uzi wa kufumia. Hapakuwa na nukta ya kuongeza. Mimi na Lonnie tukaburuta.

Jumapili, 8 Desemba

Mzee Orville amesema wiki hii atakwenda kwa mwanasheria, bonde na kibanda viandikwe jina la Darlene. Nikamkumbusha kwamba tulidhani anazungumza nasi. Akasema yeye haoni vizuri, lakini siku ile alijua amegeukia jikoni.

Lonnie kaleta pai, kainamisha kichwa, kampongeza. Mimi nimempongeza tangu jana, kila ninapomwona. Bado siamini. Nikimtazama anamenya viazi najikuta nimenyoosha mgongo.

Niseme ukweli, sina kinyongo. Bonde limebaki nyumbani. Ila msimu unafungwa leo jioni, na kuna dume mwingine, mdogo, kaonekana karibu na kibanda. Leseni ninayo, kibali ninacho, na mtutu wangu una inchi sita. Nimepungukiwa na kitu kimoja tu. Asubuhi Mzee Orville alisema kuanzia leo ruhusa ya bonde haiombwi kwake, iombwe kwa Darlene. Nikamwomba. Akasema atasaini nikishamwomba Lonnie radhi, nikalipa faini, nikatengeneza sinki. Kisha akaenda kanisani.

Nimefikiria sana. Mume na mke ni mwili mmoja, mchungaji mwenyewe kasema. Na mwili mmoja una mkono mmoja wa kutia sahihi. Ni hoja nzito! Lakini mimi sasa ni mtu wa sheria, sifanyi kitu bila kuuliza. Nikampigia Bi Gentry. Nikamsabahi, nikamwambia nina swali dogo, si langu, la mtu fulani ninayemfahamu, ambaye mke wake—

"Huko ni kughushi, Bwana Kibler."

Nikamwambia sijauliza bado.

"Ukurasa wa kumi na nne," akasema, akanitakia Jumapili njema.

Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Upo! Mstari wa tatu kutoka chini, kana kwamba wino haujakauka. Niliketi muda mrefu kwenye pikapu, kijitabu magotini, nikitazama vile vilima na kuwaza ukubwa wa akili iliyoviwekea mipaka.

Jua bado liko juu kidogo. Nimechukua kalamu nyekundu, nimeanza kusoma ukurasa wa kumi na tano.